Tujifunze Karata ya Wahedi wa Sitini

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo, Unguja. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya karata. Tunaona wengine wanacheka, na wengine wanaguna. Tunajua mnasema nini moyoni: "Tumeacha shamba, tumeacha mwani ufukweni, tuje kufundishwa karata?" Subirini kidogo. Tusikilizeni mpaka mwisho, halafu mtuhukumu.

Sisi tunaosema hapa ni wanakisomo kama nyinyi. Tumejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu tukiwa watu wazima. Tumeona jambo moja ambalo nyinyi pia mmeliona. Mtu akimaliza kisomo hupata cheti, akakitia sandukuni. Kusoma hakumpotei haraka, maana maneno yako kila pahala: kwenye daladala, kwenye maduka, kwenye simu. Lakini hesabu hupotea. Mwaka mmoja tu bila ya kujumlisha na kutoa, mtu anarudi kuhesabu kwa vidole.

Tangu mwaka 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, tunaambiwa kwamba elimu haina mwisho. Ni kweli. Lakini elimu isiyotumiwa ina mwisho, tena wa karibu. Kwa hiyo tulitafuta kitu ambacho mtu atakihesabu kila siku kwa kupenda mwenyewe, bila ya kusukumwa na mwalimu. Tukakikuta barazani. Ni karata ya wahedi wa sitini.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Wahedi ni moja kwa Kiarabu. Sitini mnaijua. Basi wahedi wa sitini ni moja na sitini, yaani 61. Wengine hulitamka kwa haraka, wahedusitini. Ni jina lile lile. Jina lenyewe limekwishakupa sheria kubwa ya mchezo: anayefika 61 ndiye mshindi.

Jina ni la Kiarabu, lakini majina ya karata zenyewe yana asili ya Kireno. Wareno walifika mwambao wetu na Vasco da Gama mwaka 1498. Utawala wao huku kwetu ulivunjika mwaka 1698, pale Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa na Waomani. Hapa Mji Mkongwe, Waomani wakajenga Ngome Kongwe pale karibu na Forodhani, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Wareno waliondoka, maneno yakabaki. Meza, leso, bendera, gereza, yote yana asili ya Kireno. Na neno karata pia ni la kwao.

Karata zina aina nne. Hebu tuzitaje:

Kopa ni ile nyekundu yenye umbo la moyo. Kwa Kireno neno hili ni vikombe.

Uru ni ile nyekundu yenye pembe nne. Kwa Kireno ni dhahabu.

Shupaza ni ile nyeusi yenye ncha juu. Kwa Kireno ni panga.

Pau ni ile nyeusi yenye majani matatu. Kwa Kireno ni magongo.

Mtauliza, mbona hatuoni vikombe wala panga kwenye karata? Karata za zamani za Wareno zilikuwa na picha hizo khasa: vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magongo. Picha zimebadilika, majina yamebaki. Na huko Ureno na Brazil mpaka leo watu wanacheza mchezo wa aina hii hii. Wanacheza wanne, kwa karata 40, na mshindi ni wa 61. Wao wanauita sueca. Mzee wa Makunduchi na mzee wa Lisbon wakikaa pamoja, hawatafahamiana kwa maneno, lakini karata wataichezea.

KARATA NA HESABU ZAKE

Chukua karata kamili. Ziko 52. Toa zote za nane, za tisa na za kumi. Hizo ni 12. Zinabaki 40. Kila aina ina karata 10.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pana mgogoro wa wanaoanza. Nguvu ya karata haifuati namba iliyoandikwa. Mkubwa kuliko wote ni ree. Anayefuata ni seti, yaani saba. Ndiyo, saba! Saba inamshinda mfalme. Baada ya hapo wanakuja wale wenye picha, ambao tunawaita wazungu. Hesabu yao ni hii:

Ree ana 11.
Seti ana 10.
Mzungu wa nne, yaani mfalme, ana 4.
Mzungu wa tatu, yaani kijana, ana 3.
Mzungu wa pili, yaani bibi, ana 2.

Mnaona? Jina la mzungu ndiyo hesabu yake. Mzungu wa nne ana nne, mzungu wa tatu ana tatu, mzungu wa pili ana mbili. Ukishika hilo hutasahau tena. Na angalieni kwamba kijana anamshinda bibi.

Zinazobaki, yaani sita, tano, nne, tatu na mbili, hazina hesabu hata moja. Hizo ni magarasa. Lakini msiyadharau magarasa. Tutayarudia.

Haya, tujumlishe aina moja: 11 na 10 ni 21. Ongeza 4, ni 25. Ongeza 3, ni 28. Ongeza 2, ni 30. Aina ziko nne. 30 mara 4 ni 120. Nusu ya 120 ni 60. Ndiyo maana mshindi anatakiwa awe na 61: nusu na moja juu yake. Mkipata 60 kwa 60, hapana aliyeshinda.

KUKAA NA KUGAWA

Wanakaa watu wanne, wawili kwa wawili. Mwenzako hakai karibu nawe. Anakaa mbele yako, mnatazamana. Kulia kwako na kushoto kwako ndio wapinzani.

Mmoja anachanganya karata, mwengine anazikata, halafu zinagawiwa. Kila mtu anapata 10. Sisi tunagawa kwa kuelekea mkono wa kulia, na mchezo pia unakwenda hivyo hivyo. Karata ya mwisho ya mgawaji inafunuliwa watu wote waione. Aina ya karata hiyo ndiyo turufu ya mchezo huo. Kila baraza ina desturi zake ndogo ndogo. Ukienda baraza ngeni, uliza kabla ya kukaa: "Turufu mnaichaguaje hapa?" Kuuliza si aibu. Aibu ni kugombana baadaye.

SHERIA TATU

Kwanza: mtu wa kwanza anatanguliza karata yoyote. Wote wanaofuata lazima watoe aina ile ile, kama wanayo. Imetangulia uru, toa uru.

Pili: kama huna aina hiyo, una hiari. Unaweza kukata kwa turufu, au unaweza kutupa karata yoyote nyingine.

Tatu: karata nne zikishatoka, mwenye karata kubwa ya aina iliyotangulia anazila zote nne. Lakini ikitoka turufu, turufu ndiyo inayokula, hata ikiwa garasa. Zikitoka turufu mbili, kubwa inakula. Aliyekula ndiye anayetanguliza mzunguko unaofuata.

Kuna mizunguko 10. Mwishoni kila upande unahesabu karata ulizokula. Basi, sheria ni hizo tu. Mtoto wa skuli anazishika kwa siku moja. Lakini kucheza vizuri ni jambo jengine, na hapo ndipo tunapotaka kukufikisheni.

MCHEZO WA MFANO

Tuwape wachezaji majina ya pande za dunia, ili tusichanganyikiwe. Kaskazini na Kusini ni upande mmoja. Magharibi na Mashariki ni upande wa pili. Mchezo unakwenda hivi: Kaskazini, Magharibi, Kusini, Mashariki. Turufu ni kopa. Chukueni kalamu, mwandike pamoja nasi.

Mzunguko wa kwanza. Kaskazini anatanguliza ree ya uru. Magharibi anatoa tatu ya uru. Kusini anatoa mzungu wa tatu wa uru. Mashariki anatoa tano ya uru. Ree amekula. Ana 11, na mzungu wa tatu ana 3. Jumla 14. Andikeni: Kaskazini na Kusini, 14.

Hebu tusimame hapa. Kwa nini Kusini ametoa mzungu mwenye hesabu na si garasa? Kwa sababu mwenzake ndiye anayekula. Mali anayoitoa haipotei, inaingia katika ghala lao. Mwenzako akila, mpe. Adui akila, mnyime. Hili ndilo somo la kwanza la kucheza wawili wawili.

Mzunguko wa pili. Kaskazini anatanguliza mzungu wa nne wa shupaza. Magharibi anampiga kwa seti ya shupaza. Kusini naye anapiga kwa ree ya shupaza. Wote wanadhani Kusini atakula. Mashariki hana shupaza hata moja. Anatoa mbili ya kopa. Ile ni turufu. Amekula zote! 4 na 10 na 11 ni 25. Mashariki na Magharibi, 25. Mnaona garasa? Halina hesabu hata moja, na limekula 25 kwa mpigo mmoja.

Mzunguko wa tatu. Mashariki anatanguliza ree ya pau. Kaskazini anatoa tatu ya pau. Magharibi anatoa mzungu wa nne wa pau. Kusini anatoa mbili ya pau. Ree amekula. 11 na 4 ni 15. Mashariki na Magharibi sasa wana 25 na 15, yaani 40.

Tuhesabu tulipofika. Upande mmoja una 14, upande wa pili una 40. Jumla 54. Toa 54 katika 120, zinabaki 66 ambazo hazijatoka. Kaskazini na Kusini wanahitaji 47 ili wafike 61. Mashariki na Magharibi wanahitaji 21 tu. Asiyehesabu hapa anajua tu kwamba "tumepigwa". Anayehesabu anajua kwamba bado inawezekana, na anajua anahitaji kiasi gani.

Sasa turuke mizunguko mitano. Kaskazini na Kusini walikuwa na turufu kubwa, ree na seti ya kopa, nao wakapata 38. Wenzao walipata 10. Katika mizunguko hiyo Kusini alitanguliza nne ya pau, na Mashariki hakuwa na pau ya kutoa. Likumbukeni jambo hilo. Turufu zote 10 zimekwisha kutoka.

Hesabu ni hii. Kaskazini na Kusini: 14 na 38, ni 52. Mashariki na Magharibi: 40 na 10, ni 50. Zinabaki 18, na mizunguko miwili. Kaskazini na Kusini wanataka 9. Wenzao wanataka 11.

Ni zamu ya Kaskazini kutanguliza. Mkononi ana magarasa mawili: tano ya pau na nne ya uru. Atoe ipi?

Mtu asiyehesabu atasema, "Zote magarasa, toa yoyote." Haya, tuone. Akitoa nne ya uru, Magharibi hana uru, anatupa karata nyingine. Kusini hana uru, anatupa garasa la shupaza. Mashariki ana uru mbili, mzungu wa pili na sita. Anakula. Halafu anatanguliza ile uru yake ya pili. Hapana mwenye uru mwengine, na turufu zimekwisha. Anakula tena. Anachukua zote 18. 50 na 18 ni 68. Kaskazini na Kusini wamebaki na 52. Wameshindwa.

Lakini akitoa tano ya pau, mambo yanageuka. Magharibi analazimika kutoa mzungu wa tatu wa pau. Kusini anatoa seti ya pau, anakula. Mashariki hana pau, anatupa sita ya uru. 10 na 3 ni 13. 52 na 13 ni 65. Mchezo umekwisha. Mzunguko wa mwisho Magharibi anakula kwa mzungu wake wa tatu wa shupaza, pamoja na mzungu wa pili wa uru wa mwenzake. Hizo ni 5, wanafika 55. 65 na 55 ni 120. Hesabu imekaa sawa.

Garasa moja limeleta 65. Garasa jengine lingeleta kushindwa.

KARATA INASEMA

Sasa swali kubwa. Kaskazini angejuaje kwamba seti ya pau anayo Kusini? Hakuonyeshwa. Hakuambiwa.

Alijua kwa mzunguko wa tatu. Mashariki alitoa ree ya pau, na turufu haikutokea. Magharibi, ambaye ni mwenzake, alitoa mzungu wa nne. Fikirini. Kama Magharibi angekuwa na seti, angetoa nini? Angetoa seti, ampe mwenzake 10, badala ya kumpa 4. Kwa hiyo Magharibi hana seti ya pau. Na Mashariki? Baadaye ilitangulia pau naye hakuwa nayo. Kwa hiyo Mashariki hana. Kaskazini mwenyewe hana. Amebaki nani? Kusini. Na ile mbili ya pau aliyoitoa Kusini siku zote ilikuwa inasema, "Kubwa ninayo, nimeificha mpaka wakati wake."

Hii ndiyo sababu tumekuiteni leo. Katika wahedi wa sitini huruhusiwi kumwambia mwenzako kitu. Lakini mwenzako anasema nawe kila anapotoa karata. Anasema kwa alichotoa, na anasema kwa alichokinyima. Anayehesabu anamsikia. Asiyehesabu amekaa na mwenzake saa nzima na hajamsikia hata neno moja.

Tena si kuhesabu 120 peke yake. Unahesabu na aina. Kila aina ina 10. Zikitoka pau nane, na wewe unazo moja, basi iko moja nje. Unahesabu na turufu. Mtu anayejua kwamba turufu zimekwisha hana khofu ya kutoa seti yake.

WANAOKONYEZA

Wako watu wanaona kazi hii ni nzito, wakatafuta njia ya mkato. Anakonyeza jicho. Anajikuna pua, maana yake ana ree. Anakohoa, maana yake tanguliza turufu. Huo si ujanja, huo ni wizi. Na wengine wana karata ya aina iliyotangulia, wanaificha, wanakata kwa turufu. Baraza nzuri haimvumilii mtu wa namna hiyo.

Desturi hii haiko kwetu tu. Waingereza nao wana mchezo wa watu wanne wa wawili wawili, unaitwa whist. Mwaka 1742 bwana mmoja wa huko, Edmond Hoyle, aliuandikia kijitabu cha kufundisha watu. Katika mchezo huo pia wenza hawaruhusiwi kupeana habari kwa maneno wala kwa ishara. Popote pale anayemwambia mwenzake kwa siri ameharibu mchezo, kwa sababu ushindi wake hauna maana.

Na liko kosa jengine baya zaidi ya kukonyeza. Ni kumlaumu mwenzako. "Wewe ndiye uliyetuua! Kwa nini ulitoa ile?" Tumeona watu waliozoeana miaka mingi wakanuniana kwa ajili ya seti moja. Mchezo ukiisha, fungueni karata, mzitazame pamoja. Msiulizane nani kakosa. Ulizaneni: "Karata ilisema nini, na sisi tulisikia nini?" Mwenzako mliyekosana naye leo ndiye atakayekaa mbele yako kesho.

JUU YA PESA

Hapa tuseme wazi, bila ya kuzungukazunguka. Karata ya pesa ni kamari. Kamari ni haramu katika dini yetu, na hata asiyekuwa wa dini yetu anajua inavyovunja nyumba. Pesa ya unga inakwenda, pesa ya daftari la mtoto inakwenda. Mtu anacheza apate kurejesha kilichopotea, anapoteza na kilichobaki. Kwa hiyo masharti yetu ni haya: hapana pesa, hapana hata ya kikombe cha kahawa. Muuza kahawa akipita na dele lake, kila mtu ajilipie, au aliye na nafasi awanunulie wenzake kwa wema wake, si kwa kushindwa.

Wako pia wazee wetu ambao karata hawazipendi kabisa, hata bila ya pesa. Tunawaheshimu. Hatutaki mtu agombane na baba yake kwa sababu ya maneno yetu. Kwa wale wanaocheza, tunasema: adhana ikilia, karata chini. Na kazi ikiita, karata chini pia. Mchezo ni wa baada ya kazi. Kijana anayekaa barazani tangu asubuhi hajifunzi hesabu, anajifunza uvivu.

KUTOKA BARAZANI MPAKA MIZANI

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza mwanzo, "Tumeacha mwani tuje kufundishwa karata?"

Mama zetu wa Paje na Jambiani wanajua. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, na mama ndio wengi katika kazi hiyo. Tuseme una magunia matatu ya mwani mkavu. La kwanza ni kilo 37, la pili kilo 44, la tatu kilo 29. Ukijumlisha ni 110. Mnunuzi anaandika 105. Je, utajua? Mwenye kuhesabu atajua kabla ya kalamu haijanyanyuka. Atasema kwa adabu, "Ndugu yangu, hebu tupige hesabu tena." Asiyehesabu ataondoka na pesa ya kilo 105, na ataona ndivyo inavyokuwa.

Kwenye karata tuna kitu kizuri sana: tunajua jumla. Jumla ni 120, haiongezeki wala haipungui. Upande wangu una 65, basi wenu lazima uwe na 55. Mkisema mna 58, mahali fulani tumekosea, na tutahesabu tena sote. Tabia hii ya kuhakikisha pande mbili zinakutana ndiyo tabia ya mtu anayetunza daftari la duka, la kikundi cha akiba, au la samaki pale dikoni. Hatusemi kwamba karata itakutajirisha. Tunasema itakuzuia usisahau ulichokipata kwa shida.

Na kwa mama zetu tunaongeza neno. Msidhani mchezo huu ni wa wanaume wa Jaws Corner na baraza za Mji Mkongwe tu. Mkeka uani unatosha. Wanne wakikaa, mchezo umetimia. Mtoto wa skuli anaweza kuwa mwandishi wa hesabu, naye akafaidika.

JINSI YA KUANZA

Tunapendekeza mfuate njia hii.

Wiki ya kwanza, chezeni karata zikiwa wazi juu ya mkeka, watu wote wanaziona. Mtu akitoa karata, aseme kwa sauti kwa nini ameitoa. Huu si mchezo bado, ni somo.

Wiki ya pili, fungeni karata, lakini kila mzunguko ukimalizika, semeni hesabu pamoja kwa sauti. "Sisi 14, nyinyi 25, zimebaki 81."

Wiki ya tatu, nyamazeni. Kila mtu ahesabu kichwani. Mwandishi mmoja aandike katika daftari, na mwisho wa mchezo mlinganishe.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, upande wa kwanza, upande wa pili, jumla. Safu ya nne siku zote iwe 120. Siku itakayokuwa si 120, msiendelee mpaka mjue kwa nini.

JARIBUNI SASA HIVI

Kabla hatujamaliza, andikeni maswali haya matatu.

Swali la kwanza: katika mzunguko mmoja zimetoka seti, mzungu wa pili na magarasa mawili. Aliyekula amepata ngapi?

Swali la pili: upande wenu una 47, wapinzani wana 42. Zimebaki ngapi? Nyinyi mnahitaji ngapi, na wao wanahitaji ngapi?

Swali la tatu: pau imetangulia mara mbili, na kila mara wote wanne walitoa pau. Mkononi unayo pau moja. Nje ziko ngapi?

Majibu ni haya. La kwanza, 12. La pili, zimebaki 31. Nyinyi mnahitaji 14, wao wanahitaji 19. La tatu, zimetoka nane, unayo moja, basi nje iko moja. Sasa itafuteni iko kwa nani.

Tumekuja na karata nane kamili na madaftari. Kaeni wanne wanne, mtu na mwenzake watazamane. Anayejua akae na asiyejua. Wazee wanaopenda kutazama tu, karibuni, lakini tunakuombeni msimwambie mtu atoe karata gani.